Likasi: jino la mama wa Kikula lililozibwa mara mbili

Mama mmoja aliyekimbia vita vya Mitwaba, ambaye sasa anapanga chumba katika komini ya Kikula, alizibwa jino la nyuma wakati wa mvua. Wiki tatu baadaye, akiwa anakula bukari na sombe pamoja na watoto wake, kizibo kikatoka kizima kizima. Akakitema mkononi, akakitazama, akahesabu moyoni mifuko ya makala aliyouza ili kukilipia.

Majirani walimpa shauri moja: akang'oe. Kung'oa ni bei ndogo, na kwa mtu aliyehama bila kitu, bei ndiyo inayoamua. Lakini upande wa pili alikuwa amekwisha kung'olewa meno mawili. Hili ndilo alilobaki nalo la kutafunia. Akaenda kwa muganga mwingine wa meno.

Muganga huyo alitazama kizibo, kisha akatazama tundu.

"Mama, dawa haikuharibika. Ni jino ambalo halikutayarishwa. Siku ile mate yaliingia?"

Mama akakumbuka. Watu walikuwa wengi kwenye benchi, pamba ililowa, naye alifunga mdomo mara mbili ili ameze mate. Hakuna aliyemwambia asifunge.

Ndipo muganga akasema neno lililomfanya atake kushuka kwenye kiti: atapaka asidi. Mkaaji wa Likasi anaijua asidi. Kule Shituru ndiyo inayotoa shaba katika mawe. Kaka yake mama huyu aliwahi kufanya kazi hiyo kiwandani, na suruali zake zilikuwa na matundu ambayo hata yeye hakujua yalitoka siku gani.

"Muganga, unataka kuniunguza kinywa?"

"Hapana, mama. Ile ya shaba ni nyingine. Hii ni asidi ya fosfori, 37 kwa mia, nzito kama uji ili isitiririke. Inakaa juu ya jino sekunde 15, au hadi 30 pale penye gamba gumu la nje, kisha naiosha kwa maji mengi. Kule kijijini, ulipiga udongo kwenye ukuta laini?"

"Hapana, utaanguka. Kwanza unaukwangua."

"Basi, na jino ni vilevile."

Asidi hiyo inachimba vitundu vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona. Kole ya dawa inaingia humo, inakauka, inashika. Gamba la jino likioshwa na kukaushwa, linakuwa jeupe kama chaki: hiyo ndiyo alama kwamba liko tayari. Sehemu ya ndani, iliyo laini zaidi, inaachwa na unyevu kidogo, isikaushwe kabisa. Mate yakigusa kabla ya kole, vitundu vinaziba, na kazi inaanza upya.

Wazo lenyewe lilitoka kwa watu wa chuma. Mwaka wa 1955, kule Marekani, mtaalamu wa meno Michael Buonocore alijua kwamba viwandani asidi hutumiwa kuandaa chuma ili rangi ishike. Akajaribu asidi ya fosfori juu ya meno, na dawa ikashika kuliko zamani.

Mahali pasipo umeme kuna njia nyingine, iliyoanzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Muganga anakwangua uozo kwa vyombo vya mkono, kisha anaziba kwa simenti inayojishika yenyewe kwenye jino. Mwaka wa 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa nchi nyingi. Hata huko matayarisho hayarukwi: jino linapakwa asidi hafifu sekunde 10 hadi 15, linaoshwa kwa pamba yenye maji, linakaushwa kwa pamba kavu. Baada ya hapo mgonjwa anakaa saa moja bila kula.

Mama alikubali. Muganga alibadilisha pamba mara tatu. Mara moja ulimi wake uligusa jino. Muganga akasimama, akaosha, akapaka asidi tena bila kugomba. Halafu ikaja kole, halafu dawa, halafu taa ya bluu ya kuikausha. Alipotoka nje soko lilikuwa limefungwa, na siku hiyo hakuuza hata mfuko mmoja.

Tangu hapo kiangazi kimepita, na mvua imerudi. Jino linatafuna karanga. Wanawake wenzake waliohama wanamuuliza kwenye bomba la maji alipewa dawa gani. Yeye hataji dawa.

"Usifunge mdomo, hata ukichoka," anawaambia. "Na pamba ikilowa, inua mkono, muganga aone."