Mkia wa Mwanga

Jumanne, 4 Machi 2014
Nimepitisha vinilitolueni kwenye alumina kutoa dawa ambayo kiwanda huitia isigande njiani. Kisha PPO, kemikali inayotoa mwanga. Plastiki za kawaida za kugundua mionzi hutiwa asilimia moja au mbili tu. Mimi nimetia thelathini, unga mweupe tele, na wote ukayeyuka. Naitrojeni nimeiachia muda mrefu. Oksijeni ikibaki itaumeza mwanga unaochelewa, na huo ndio ninaoutaka. Chupa ipo ovenini.

Jumatano, 5 Machi
Nimeulizwa tena kwa nini nisitumie heliamu-3 kugundua nyutroni. Basi uniletee! Inatokana na kuoza kwa tritiamu, iliyotengenezwa zaidi kwa ajili ya silaha za nyuklia. Silaha zimepungua, na baada ya 2001 walinzi wa mipaka wakaanza kuigombea. Vimiminika vinavyotoa mwanga vikigongwa na nyutroni vinafanya kazi vizuri, ila vingi vinashika moto na vina sumu.

Jumatatu, 10 Machi
Plastiki imetoka angavu kabisa. Lakini ukiibonyeza kwa ukucha, alama inabaki. Fundi wa karakana akaigeuzageuza: “Hii nikate au nipake kwenye mkate?”

Jumatano, 12 Machi
Kalifonia-252 mbele, plastiki nyuma ya madini ya risasi. Gama hurusha elektroni. Nyutroni hugonga hidrojeni na kurusha protoni. Protoni husimama upesi, ikiacha nyuma yake molekuli zilizosisimka zimesongamana. Zile za hali ya tripleti zikikutana mbilimbili, hutoa mwanga uliochelewa, na mpigo wa nyutroni unakuwa na mkia mrefu kuliko wa gama. Ndiyo maana ya PPO nyingi: nishati ipate kuruka molekuli hadi molekuli. Brooks na wenzake walishatenganisha mipigo hiyo miwili kwenye plastiki mwaka 1960. Zaitseva na wenzake wa maabara ya Livermore wakaja na hii ya PPO nyingi mwaka 2012.

Kwenye skrini, mikanda miwili, wa gama na wa nyutroni. Juu imeachana vizuri. Chini, kwenye nishati ndogo, bado imechanganyikana. Nimefurahi hata hivyo, nikasahau chakula cha mchana.

Ijumaa, 21 Machi
Ukungu mweupe juu ya plastiki. Nimeufuta kwa kitambaa: PPO inatoka nje. Msimamizi anataka nibaki na thelathini kwa ajili ya grafu nzuri. Sikubaliani naye. Kitu kisichoshikika hakiwezi kukaa getini bandarini. Chupa ya Jumatatu itakuwa na asilimia ishirini, pamoja na divinilibenzeni kidogo ya kufunga minyororo ya polima. Lebo nimeshabandika.