Gari Jeusi katika Mji wa Vumbi

Kwanza tuelewane: mtu mwenye akili timamu hanunui gari jeusi Nakuru. Tunaambiwa jina lenyewe la mji limetoka kwa Wamaasai, na maana yake ni mahali pa vumbi. Waliliona mapema, kabla hata ya malori ya Uganda. Ukitaka amani nunua jeupe, au lile la rangi ya fedha linaloweza kukaa wiki mbili bila kuoshwa na bado askari wa geti akakupigia saluti. Jeusi unaliosha Free Area saa mbili asubuhi, ukifika Section 58 limeshakuwa kama andazi lililovingirishwa kwenye unga.

Anko wangu analo. Toyota Mark X ya 2008, iliyoshuka meli Mombasa 2015, mwaka mmoja kabla haijapitwa na ile sheria ya miaka 8. Alichukua mkopo wa sacco, na hakuchukua kwa sababu ya maringo. Alikuwa amepiga hesabu ya harusi. Jumamosi gari hubeba maharusi, na siku za katikati ya wiki huwabeba wafiwa wanaofuata gari la maiti, maana jeusi linafaa kotekote. Ada yangu ya mihula mitatu ilitoka kwenye kiti cha nyuma cha hiyo Mark X. Machi 2020 vyuo vikafungwa, na harusi zikafungwa navyo. Vyuo vilipofunguliwa, ada haikuwepo. Nikabaki Free Area, nikaanza kuandika makala za kulipwa kwa neno, za wateja wa ng'ambo ambao sijawahi kuwaona sura. Na mkopo bado unalipwa. Kwa hivyo nikisema rangi ya hilo gari ni jambo la nyumba nzima, siongezi chumvi.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, shangazi wa bibi harusi mmoja alikuja kulikagua. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua limelala juu ya boneti. Akalizunguka mara moja, akasimama, akainama kidogo kama mtu anayesoma bei.

"Hii imekwaruzwa na nini?"

Anko akasema limetoka kuoshwa tu asubuhi hiyo. Shangazi akasema ndiyo, anaona. Akaondoka na heshima zake zote, na baadaye tukasikia wamekodi jeupe la mtu wa Lanet. Huyo alikuwa wa pili kwa mwezi huo. Anko hakusema kitu, ila jioni hakumaliza chakula, na Shosho akaniangalia mimi kana kwamba mimi ndiye niliyepika.

Ukilitazama lile gari kivulini, ni kioo. Unaweza kujipaka lipstiki. Lakini litoe juani, na kuzunguka pale jua linapong'aa kwenye bodi unaona nyuzi, maelfu, zimejipanga duara kama utando wa buibui. Watu hudhani mtu alisugua kwa kuzungusha mkono. Si lazima. Mikwaruzo yenyewe imeelekea kila upande, lakini ile inayoukingama mwanga ndiyo inayowaka, kwa hiyo jicho linaiunganisha kuwa duara. Sogea hatua mbili na duara linakufuata. Gari jeupe la mtu wa Lanet linayo pia, nakuhakikishia. Ni vile tu hazisomeki.

Na vumbi peke yake halifanyi hayo. Likikaa tu juu ya gari, limekaa. Shida ni mkono unaolipangusa. Udongo wetu huku umetoka tumboni mwa volkano. Menengai ilitapika majivu na mawe ya povu, yale mepesi yenye vitundu, ambayo kimsingi ni kioo kilichojaa hewa. Shosho analo moja bafuni, anasugulia visigino. Sasa chukua jiwe hilo, lisage mpaka liwe unga, upepo wa Januari ulipeperushe, litue kwenye boneti, halafu aje dereva mwenye haraka na kitambaa kikavu apanguse ili gari lipendeze kabla mteja hajafika. Amelisugua gari kisigino. Ukitaka ushahidi zaidi kwamba Bonde la Ufa limejaa msasa, nenda Kariandusi, karibu na Gilgil, wanakochimba diatomaiti: maganda ya silika ya viumbe vidogo vya ziwa la zamani. Moja ya kazi za unga huo duniani ni kung'arishia vyuma.

Baada ya yule shangazi, Anko akaleta fundi wa bodi. Fundi akapitisha kiganja kwenye mlango, akasema hiyo ni kazi ya siku moja: anapaka dawa ya kukata, anapitisha mashine, nyuzi zote zinaisha, elfu nane. Harusi za Desemba zilikuwa zimebaki wiki kumi. Anko alishatoa simu atume pesa ya kuanzia.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe changu cha chai. Ilitokea kwamba mwaka uliopita niliandika maneno elfu mbili kuhusu rangi nyeusi za magari, kwa mteja ambaye wasomaji wake wana karakana nyumbani, bomba la maji la kuvuta mpaka uani, na theluji. Katika kusoma kwa ajili ya hiyo kazi nilikutana na namba moja ambayo haikunitoka kichwani. Nikamwomba Anko afungue boneti. Kwenye kile kibati chenye maelezo ya gari, palipo na namba ya rangi, paliandikwa 202.

Magari mengi ya siku hizi hupakwa rangi, kisha juu yake tabaka lisilo na rangi, lile mafundi huita klia. Ukiling'arisha kwa mashine, unachokwangua ni klia. Ile 202 ya Toyota haina klia. Weusi wenyewe ndio wa juu, mlaini, unaong'aa kwa kina ambacho nyeusi nyingine hazina, na ndiyo maana mtu akiiona anaipenda. Lakini kila unachokwangua ni rangi. Na hakuna nyingi. Rangi ya kiwandani, matabaka yote kwa pamoja, kwa kawaida ina unene wa maikroni 100 hadi 150. Unywele mmoja wa kichwani mwako una kama 70.

Niliyasema hayo kwa upole, maana mtoto wa watu hamwambii fundi mtu mzima kazi yake. Anko huniita mami, kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na hata akikasirika huniita hivyo hivyo.

"Mami," akasema, "hiyo ulisomea chuo gani?"

Fundi akacheka. Mimi sikucheka. Sikujibu pia, kwa sababu jibu lilikuwa la kuonyeshwa. Nilichukua kitambaa cheupe, nikaosha sehemu ndogo chini ya mlango wa nyuma, nikakausha, nikatia polishi tone moja, nikasugua. Kitambaa kikatoka cheusi. Fundi akasema huo ni uchafu. Nikaosha tena palepale, nikachukua kona nyingine ya kitambaa, nikasugua. Nyeusi tena, safi kama wino. Anko akakichukua kile kitambaa, akakishika muda mrefu.

"Kwa hivyo akisugua," akasema, "ananiondolea gari."

Nitasema ukweli kumhusu yule fundi: hakuwa mwongo. Mashine inafanya kazi. Mtu akiifanya kwa mkono mwepesi, mara moja kwa miaka mingi, gari linarudi jipya. Lakini Anko angekuwa anamwita kila Novemba, hiyo ndiyo tabia yetu, na mwaka wa tatu au wa nne tungeanza kuona praima ya kijivu kwenye kona za boneti, pale rangi inapokuwa nyembamba kuliko kwingine. Halafu ni kupaka upya, na mnunuzi yeyote akigonga bodi ya gari lililopakwa upya huko mtaani anakuuliza lilipata ajali wapi.

Basi tukabaki na nyuzi zetu, tukakubaliana zisizidi. Hapo ndipo ilibidi tuongee na vijana wanaoosha magari kule kwenye lami, na mazungumzo hayo bado nayafikiria. Nilienda na maelezo yangu ya maneno elfu mbili. Kijana mmoja akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia yote hayo anayajua. Anajua kile kitambaa kimoja kimeosha pikapu ya viazi kutoka Njoro dakika kumi zilizopita. Anajua sabuni ya unga inakula nta. "Lakini gari ni mia mbili, na hapo kuna ya mwenye mashine. Nikikaa na yako saa nzima, mimi nitakula rangi?"

Anko sasa analipa mia nne na anakuja na vifaa vyake: ndoo mbili, shampuu ya gari, vitambaa vya maikrofaiba ambavyo Shosho amekatazwa kufutia meza. Gari huoshwa likiwa limepoa, kivulini, kabla ya saa tatu. Kwanza maji matupu, mengi, kutoka paa kwenda chini, bila mtu kugusa kitu, ili ule unga wa Menengai uondoke wenyewe. Halafu ndoo ya sabuni na ndoo ya kusuuzia kitambaa, ukimaliza mlango mmoja unasuuza, unakamua, unaendelea. Sehemu za chini karibu na magurudumu ni za mwisho na zina kitambaa chao, maana huko ndiko changarawe hujificha. Kukausha si kupangusa. Taulo unalilaza, unalikanda kidogo, unaliinua, kama unavyomkausha mtoto mwenye upele. Vijana walicheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu yule wa maswali alikuwa anawafokea wenzake wasiguse ile taulo.

Maji ndiyo yalituletea vita nyumbani. Maji yetu ya visima yamebeba chumvi nyingi za ardhini, floridi ikiwemo, ile iliyowapa watu wa Nakuru meno ya rangi ya chai. Anko anayo. Hilo si siri. Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilianzisha kazi nzima ya kuchuja floridi kwa mifupa iliyochomwa. Sasa maji kama hayo yakikauka juu ya gari jeusi lenye joto, maji huenda, chumvi hubaki, na kila tone linaacha alama nyeupe ya duara. Ukichelewa, alama inang'ang'ania. Maji ya mvua hayana hayo. Kwa hiyo nikamshauri Anko suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua, mtungi mmoja wa lita 20, kutoka kwenye tangi letu.

Shosho alisimama mbele ya tangi na mkongojo.

"Maji ya mvua ni ya chai," akasema. "Gari ina meno?"

Yakafikia muafaka kwamba msimu wa mvua gari linapata mtungi mmoja, na kiangazi halipati hata kikombe. Kiangazi Anko hukimbizana na matone kwa taulo kabla jua halijayawahi, mzee wa miaka 56 anazunguka gari kama refa.

Nta ni kila baada ya miezi miwili, kwa mkono. Haiponyi mikwaruzo, wauzaji waseme watakavyo. Inalainisha uso ili vumbi liteleze, na inapokea jua kwanza. Na jua letu si la mchezo: tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na mstari wa ikweta unapita hapo Mogotio. Weka kiganja kwenye boneti jeusi saa saba mchana uone. Kinyesi cha ndege kwenye joto hilo kinaweza kuacha kovu siku hiyo hiyo, kwa hiyo kuna chupa ya maji kwenye buti: unalowesha, unafunika na kitambaa chenye maji, unasubiri, unainua. Hukwangui na ukucha. Oktoba mijakaranda ya mjini ikichanua, wapiga picha wote wanataka gari chini ya yale maua ya zambarau, na Anko amejifunza kukataa. Yale maua yananata. Wakilazimisha, anatoza.

Kuhusu Desemba: harusi tatu. Mwaka kabla ya huo zilikuwa saba, ingawa hata petroli na maisha vina sehemu yao katika hiyo tofauti. Nyuzi bado zipo, na saa tisa alasiri bado zinaonekana. Anko siku hizi humwonyesha mteja gari juani makusudi, anamwambia hii ni rangi yake ya kiwandani, haijaguswa, angalia. Wengine huondoka. Wawili walimpigia simu baadaye, na mmoja ameweka nafasi ya mwezi wa nne.

Kitu ambacho hatujapata dawa yake ni watoto wa ploti. Kwao buti lenye vumbi ni ubao. Wiki iliyopita Anko alitoka akamkuta msichana wa darasa la kwanza, kidole kimesimama, anaandika NIOSHE kwa bidii, ulimi nje. Hakumfokea. Alienda akaleta ndoo, akamwaga maji polepole juu ya maandishi mpaka yakapotea, kisha akangoja pakauke. Yule mtoto alikuwa amefika herufi ya tatu mama yake alipomwita. Jua likipiga ile pembe, unasoma vizuri kabisa: NIO.