Toka Ziba Hadi Kwihara kwa Njia ya Picha za Sinema



Mgeni akituuliza Ziba ni wapi, twamwambia aitafute wilaya ya Igunga katika mkoa wa Tabora, kisha aulize njia ya Nkinga, penye hospitali inayojulikana sana. Nchi yetu ni tambarare. Masika mbuga hujaa maji, watu wakalima mpunga. Mahali pakavu hulima pamba, mahindi, alizeti na viazi vitamu, ambavyo tukivikatakata na kuvianika twapata michembe ya kula kiangazi. Ng'ombe hupita barabarani taratibu, kama kwamba ndio walioijenga. Jumba la sinema hatuna. Vijana wakitaka picha hutazama kwenye simu, au huenda katika vile vibanda wanavyoviita vibanda umiza, maana mabenchi yake ni membamba na watu ni wengi.

Hata hivyo, katika nyumba moja ya kijiji hiki wamo wachezaji mashuhuri wa sinema za zamani, wa Bombay na wa Marekani, wamelala pamoja katika sanduku la bati. Mwenye sanduku ni mzee aliyekwisha kupita miaka 80. Ujanani alifanya kazi ya kibarua katika reli pale Tabora, miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, na kila alipopokea mshahara alitoa sehemu kidogo ya kuingilia sinema. Baadaye alirudi nyumbani kulima pamba. Wenzake walirudi na cherehani au baiskeli. Yeye alirudi na baiskeli na picha.

Niliposikia habari hizo nilikwenda kumwamkia. "Shikamoo, babu." "Marahaba, karani. Umekuja kuwaona wageni wangu?" Akafungua sanduku. Nilihesabu picha 38: karatasi za matangazo zilizogawiwa mlangoni pa sinema, vijitabu vya nyimbo za Kihindi, picha zilizokatwa magazetini, na nyingine alizozinunua kwa wapiga picha wa mjini.

Mzee yule huwajua wachezaji wake kama mchungaji ajuavyo ng'ombe. "Huyu ni Raj Kapoor, picha ya Awara, mwaka 1951. Tazama suruali fupi na kofia. Amemwiga Charlie Chaplin. Na Charlie mwenyewe ni huyu hapa. Yeye hakuhitaji mkalimani, maana picha zake za kwanza zilikuwa kimya. Mnyamwezi na Mzungu walicheka pamoja." Akatoa nyingine. "Huyu Nargis, katika Mother India, mwaka 1957. Humo yeye ni mke wa mkulima mwenye deni kwa mkopeshaji. Alivuta plau kwa mabega yake ili watoto wale. Siku ile sikuona Mhindi mle ndani, nilimwona mama yangu."

Alikuwa pia na John Wayne, aliyefika upande wa Arusha kuigiza katika sinema iliyotoka mwaka 1962 kwa jina la Kiswahili, Hatari! Alikuwa na Grace Kelly, binti Mkatoliki aliyecheza katika Mogambo ya mwaka 1953, iliyopigwa katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1956 aliolewa na Mtawala wa Monaco katika kanisa kuu la huko, na picha ya arusi ile ndiyo mzee aliyoikata gazetini.

Pengine msomaji atauliza, karatasi hizi zina faida gani? Huko ng'ambo zina bei. Viatu vyekundu alivyovaa Judy Garland katika sinema The Wizard of Oz ya mwaka 1939 viliuzwa mnadani Marekani mwezi wa Desemba 2024 kwa dola milioni 32.5 pamoja na ada za mnada. Wako watu wazima wenye akili zao wanaotafuta matangazo ya zamani, kofia, barua na sahihi za wachezaji, na kuvitunza kama dhahabu.

Tusiwacheke upesi. Sisi pia twatundika ukutani sanamu ya Moyo Mtakatifu na picha ya Mama Maria, si kwa kuabudu karatasi, bali kwa kumkumbuka anayeonekana humo. Moyo wa binadamu hutaka uso wa kuutazama. Kanisa nalo halikuitupa sinema. Baba Mtakatifu Pius XI aliiandikia barua mwaka 1936, na Pius XII akaandika tena mwaka 1957 juu ya sinema, redio na televisheni. Walifundisha kwamba chombo hiki kina nguvu nyingi, chaweza kumjenga mtu na chaweza kumbomoa. Basi yatupasa kujiuliza tunampenda nani katika picha, na kwa sababu gani.

Chini kabisa ya sanduku palikuwa na picha moja isiyo ya sinema. Wanaume watatu wamesimama mbele ya ukuta wa matofali, wamevaa kanzu, mmoja ameshika rozari. Nikamwuliza mzee ni akina nani. Akaitazama kitambo. "Wa katikati ni baba yangu. Hawa wawili nilikuwa nikiambiwa, nimesahau. Aliyewajua ni mama, naye amekufa." Nikaigeuza. Nyuma hapakuwa na neno hata moja. Nyuma ya picha ya Nargis palikuwa na jina, mwaka na senti alizolipa.

Jambo hilo lilinikaa moyoni, kwa kuwa kazi yangu ni kuandika majina katika vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi. Kitabu kina majina yasiyo na sura. Picha ile ina sura zisizo na majina. Huwezi kuviunganisha asipokuwapo mtu anayejua.

Wiki chache baadaye nilikuwa na safari ya Tabora. Basi lilipita Nkinga na Puge, likafika mjini wakati wa adhuhuri. Tabora ni mji wa miembe, na wazee husimulia kwamba mingi ya zamani ilitokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara. Ndiyo ile njia kuu ya Bagamoyo hadi Ujiji, ambamo Wanyamwezi walibeba pembe, nguo na shanga mabegani, miezi kwa miezi. Nilipomaliza shughuli zangu nilikodi pikipiki, nikaenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kuitazama ile nyumba inayoitwa tembe la Livingstone.

Ni nyumba ya udongo yenye kuta nene, paa la bapa, ua wa ndani na mlango wa nakshi kama ya pwani. Stanley alikaa Kwihara mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Daktari Livingstone. Alipomkuta Ujiji walirudi pamoja hapa mwezi wa Februari 1872. Stanley akaondoka Machi kwenda pwani. Livingstone akabaki mpaka Agosti, akingoja wapagazi. Walipofika aliondoka nao, asirudi tena akiwa hai. Alikufa mwaka 1873, na watu wake, Susi na Chuma wakiwa mbele, wakaubeba mwili wake mpaka pwani. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule walipita Unyanyembe hapa na mzigo wao.

Habari hiyo nayo ni sinema. Mwaka 1939 kampuni ya Twentieth Century-Fox ilitoa picha iitwayo Stanley and Livingstone, na Spencer Tracy akawa Stanley. Kampuni ilituma kikosi kupiga picha za misafara na wanyama katika Kenya, Uganda na Tanganyika, lakini Tracy mwenyewe aliigiza sehemu yake Marekani. Nilisimama uani nikawaza: mkusanyaji wa picha anaweza kupata uso wa Tracy kwa urahisi. Lakini wale Waafrika walioonekana katika sinema wakibeba mizigo kichwani, nani anajua majina yao? Walikuwa na wake na watoto. Labda wajukuu wao wako hai leo, hawajui kwamba babu yao yumo katika sinema iliyoonyeshwa ulimwengu mzima.

Spencer Tracy huyo alikuwa Mkatoliki, na yako mengine yake yatufaayo. Mwaka mmoja kabla, katika sinema Boys Town ya 1938, alimwigiza Padre Edward Flanagan, aliyeanzisha nyumba ya vijana wasio na malezi huko Nebraska mwaka 1917. Kwa kazi hiyo Tracy alipata tuzo ya Oscar. Sanamu ya tuzo ikapelekwa kwa padre na vijana wake, ikiwa na maandishi yanayomtaja Padre Flanagan kwa sifa. Nafikiri huo ni ukumbusho wa sinema ulio bora kuliko viatu vya mamilioni, maana heshima ilitoka kwa mwigaji ikamrudia yule aliyeishi kweli.

Hata wapagazi wa Livingstone walipata kukumbukwa, ingawa si wote wa njia hii. Mwaka 1874 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kiliagiza medali 60 za fedha kwa ajili ya watu waliokuwa naye, zenye maneno ya kuwasifu kwamba walikuwa waaminifu mpaka mwisho, na jina la kila mtu likachongwa ukingoni. Medali hizo hutafutwa sana na wakusanyaji. Fedha yake ni kidogo; kinachotafutwa ni jina lile la ukingoni.

Nasi tunaye nyota wetu wa sinema, na Tabora inahusika. Rashidi Kawawa, aliyesoma sekondari hapa Tabora, alikuwa mchezaji wa sinema kabla ya kuwa mwanasiasa. Alicheza katika Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, sinema ya Kiswahili. Miaka kumi baadaye, mwezi wa Januari 1962, akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009. Niliporudi Ziba nilimsimulia mzee habari hizi. Akacheka sana, akainua kutoka sandukuni picha ya Kawawa iliyokatwa gazetini. "Huyu nilimweka kwa ajili ya siasa. Kumbe yuko mahali pake hasa!"

Tukakaa chini ya mwembe, yeye akitaja, mimi nikiandika. Nyuma ya picha ya wale wanaume watatu tuliandika jina la baba yake na kijiji chake. Kwa wale wengine tukaacha nafasi, kisha tukapeleka nakala kwa simu kwa jamaa zake wa Nzega na Igunga, tukiuliza kama yupo awajuaye. Hata leo jibu halijapatikana.

Basi, akina baba na akina mama, katika kila nyumba pana picha: ya arusi, ya Komunyo ya kwanza, ya kipaimara, ya marehemu akiwa kijana. Nanyi vijana mna mamia katika simu, na simu huibiwa, huharibika. Zile mnazozipenda zisafisheni dukani zitoke kwenye karatasi. Andikeni nyuma yake kwa penseli, polepole, maana kalamu ya wino hukandamiza karatasi, na wino waweza kupenya mpaka usoni. Andikeni jina kamili, mahali na mwaka. Msizibandike kwa gundi. Zitieni katika bahasha za karatasi, kisha katika sanduku la bati, nanyi mliinue juu ya mawe au matofali, maana mchwa hawabagui. Ziwe mbali na moshi wa jikoni, mbali na jua na mbali na mahali panapovuja masika.

Na jambo la kwanza kuliko yote: ulizeni mapema. Bibi na babu hawatangazi siku watakayosahau. Kila Novemba twaleta kanisani majina ya marehemu wetu ili waombewe. Mwaka huu, jioni ile mnapoandika orodha, toeni na picha, mziweke mkekani mbele ya wazee, watoto wakishika penseli. Mkiishakumaliza salini kumi moja ya rozari kwa ajili ya wote waliotajwa, na kwa ajili ya wale ambao hakuna tena aliyeweza kuwataja. Mungu anawajua kwa majina yao.

Mwandishi wenu,
Ziba, Tabora.