Tukimwita Mtu Mwalimu

Katika Marko sura ya 12, Mafarisayo na Maherodi walimwendea Yesu, wakamwita Mwalimu, wakamsifu kwa ukweli wake, kisha wakamtegea swali la kodi ya Kaisari. Jina la heshima lilitangulia na dharau ikafuata nyuma yake.

Sisi wa Tandale tunaifahamu heshima ya namna hiyo. Wahadhiri tunaoishi nao mtaani tunawaita "dokta" wakipita njiani. Usiku saa tano simu zao zinaingia ujumbe usio na salamu: "Matokeo yangu vipi?" Pale Soko la Tandale, hata anayetaka kupunguziwa bei ya maharage husalimia kwanza.

Dada mmoja wa jumuiya yetu anafundisha katika chuo kimoja hapa jijini. Kwenye vikao vya kazi huitwa "binti" na kuagizwa chai, ilhali wanaume wenye shahada kama yake huitwa kwa vyeo vyao. Kijana wa usharika wetu alipofeli somo lake, aliandika katika grupu la WhatsApp la darasa kwamba dada huyo anauza alama. Jumamosi iliyofuata mama wa kijana alikuja jumuiyani, akatusihi tumwombe dada amsaidie mtoto asidisko, kwa kuwa sote ni familia moja katika Kristo. Wazee wakaanza kueleza habari za msamaha.

Dada alisikiliza hadi mwisho. "Kusamehe nimeshasamehe, mama," alisema. "Alama sibadilishi. Na neno lile lifutwe palepale lilipoandikwa."

Wengine walinong'ona kwamba hicho ni kiburi cha wasomi. Ndipo mzee mmoja akafungua Yohana 18. Yesu akiwa mbele ya kuhani mkuu, mlinzi mmoja alimpiga kofi kwa jinsi alivyojibu. Yesu hakumtukana. Lakini pia hakuliacha kofi lipite kana kwamba lilikuwa halali: alitaka aonyeshwe kosa lake, na kama halipo, aambiwe kwa nini anapigwa. Tulielewa siku ile kwamba msamaha haumdai aliyetukanwa auache uongo usimame.

Kijana alikata rufaa kwa utaratibu wa chuo, na alama ikabaki ileile. Akaandika katika grupu lilelile kwamba alisema uongo. Sasa anarudia somo, na mama yake na dada wanasalimiana.

Hatusemi wanafunzi wanyamaze. Mwaka 1971, pale Mlimani, rais wa serikali ya wanafunzi, Symonds Akivaga kutoka Kenya, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, barua ya wazi yenye maneno makali. Wanafunzi walikuwa na hoja nzito kuhusu nafasi yao katika maamuzi ya chuo. Lakini waliitwa askari, Akivaga akachukuliwa, akarudishwa kwao. Ukali wa barua ulijibiwa kwa nguvu, na hoja iliyostahili mazungumzo ikafunikwa na mgogoro.

Leo pia zipo hoja za haki. Wapo wahadhiri wanaochelewesha matokeo na wanaowatweza wanafunzi darasani. Wapo wanaodai rushwa ya ngono, ambayo ni kosa la jinai kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Binti anayedaiwa hivyo asiambiwe aheshimu wakubwa akae kimya. Apelekwe panapohusika, na kanisa limsindikize.

Basi, wapendwa, mzazi akisikia mtoto amefeli, amuulize kwanza mtoto alisomaje, kabla ya kutafuta namba ya simu ya mhadhiri. Mwanafunzi mwenye malalamiko aseme kosa lenyewe, kwa jina lake, mahali pake. Na ninyi wahadhiri mlio kati yetu, wapeni vijana salamu mnayoitaka kwao.

Jumatatu alfajiri, wakati dada zetu na kaka zetu wanapogombania daladala kwenda kufundisha, tuwaombee. Tuombe wakute darasani watu wanaowaita walimu na kumaanisha. Wasipowakuta, Bwana awape ulimi aliokuwa nao siku ile ya kofi.