Mtunza Njia wa Sanje

Baba yangu alikuwa Mrufiji wa Mohoro, na kilichomleta chini ya milima ya Udzungwa ni reli. Ilipoanza kujengwa mwaka 1970 ile njia ya garimoshi iendayo Kapiri Mposhi katika nchi ya Zambia, mwendo wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam, aliliacha shamba la mpunga la babake akaenda kutafuta ujira, akaandikwa kibarua wa kubeba mataruma, akafuatana na Wachina waliokuwa wakiijenga na wenzake wa kila kabila mpaka Mang'ula, palipokuwa na karakana na kambi kubwa. Na kazi ilipokwisha, wengine walipokuwa wakifunga mizigo kurejea makwao, yeye alikuwa amekwisha kuoa binti wa Kindamba, amepata kiwanja, na mimi nimezaliwa. Namtanguliza baba katika habari hizi kwa kuwa Kiswahili tulichokisema nyumbani kilikuwa chake, cha pwani, na kwa kuwa yeye, mtu wa bondeni, ndiye aliyenifundisha kuutazama mto kwa taadhima.

Mlima tulikuwa nao nyuma ya nyumba. Wanawake walipanda kuokota kuni, wawindaji walipanda kimyakimya, waganga walipanda kuchimba mizizi, na sisi watoto tulikatazwa kuvuka mto wa pili. Mwaka 1992 milima hiyo ilifanywa hifadhi ya taifa, eneo la kilomita za mraba 1,990, akaja Prince Bernhard wa Uholanzi kuifungua, na poromoko dogo lililo jirani na makao makuu ya Mang'ula likaitwa kwa jina lake. Mwitu huo una sifa niliyoijua baadaye, nilipoanza kuwasikiliza wataalamu: huanzia chini bondeni, penye kimo cha mita 250 tu kutoka usawa wa bahari, ukapanda bila ya kukatika mpaka kwenye vilele vya baridi, na kilele kirefu kuliko vyote, Luhombero, kina mita 2,576. Hifadhi mpya haikuwa na barabara za magari ndani yake, na hata leo mgeni huitembelea kwa miguu. Kwa hiyo kazi ya awali ilikuwa kupasua njia, na kwa kazi hiyo vijana wa vijijini tuliandikwa vibarua, kila mmoja na panga lake.

Kiongozi wetu alikuwa mzee mmoja wa Sanje aliyekuwa mwindaji katika ujana wake, mtu mfupi, mchache wa maneno, ambaye hakupata kusoma lakini aliujua mlima ule mkunjo kwa mkunjo. Nakumbuka asubuhi moja ya masika nilipomwamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mvua ya jana usiku ilipita wapi?"

"Ilinyesha mlima mzima, babu."

"Sikukuuliza iliponyesha. Nimekuuliza ilipopita."

Akanichukua, tukapanda wawili hatua kwa hatua, akanionyesha mchanga mwembamba ulioachwa na maji juu ya njia, majani makavu yaliyolazwa upande mmoja na mkondo, na mzizi uliooshwa mpaka ukabaki mtupu. Na kwa alama hizo akanieleza mvua ilikoingia njiani, ilikokimbilia na ilikotokea. Tangu siku hiyo, na kwa umri wangu wote wa kazi, nimeyafuata mafundisho yale: mvua inapokuwa kubwa, na wengine wanapotafuta kivuli cha bati, mtunza njia huvaa koti lake akapanda, maana ni wakati huo tu maji huonekana yakifanya matendo yao.

Asiyeijua kazi hii hudhani kuwa njia huuawa na majani. Majani ni jambo la panga na asubuhi moja. Maji yakipata mwanya wa kushuka katika nyayo za watu hayauachi tena. Masika ya kwanza hufanya mchirizi, ya pili mfereji, na baada yake korongo lenye mizizi na mawe yaliyochomoza, kisha wageni huanza kupita kandokando kuepuka matope, wakikanyaga miche, na pale palipokuwa na njia moja ya kutosha mtu mmoja hupatikana uwanja mpana usioota kitu. Dawa yake ni makinga maji. Gogo gumu, lililoanguka lenyewe, kwa maana hatukukata mti ulio hai kwa ajili ya njia, hulazwa kukingama njia kwa mshazari, sehemu yake kubwa ikazikwa na sehemu ndogo ikaachwa juu, na ncha yake ya chini ikatokeza nje ya ukingo ili maji yakigonga gogo yateleze kuifuata ncha na kumwagikia mwituni. Ukililaza kwa kukingama mno maji huliruka. Ukilizidishia mshazari huchimba chini yake. Na mahali yanapomwagikia lazima pawekwe mawe, la sivyo utakuwa umeiokoa njia kwa kuuchimba mlima. Vipimo vya kazi hiyo tulivitwaa kwa macho na miguu, tukipanda na mtaimbo, sururu na kamba, na nilikuja kuona fahari kubwa kila nilipokuta, baada ya masika marefu, gogo nililolizika lingali likigawa maji kama nilivyoliagiza.

Kwenye vijito kazi ilikuwa nyingine. Jiwe la kuvukia halichaguliwi kwa uzuri wa uso wake, kwani jiwe laini lililosuguliwa na maji ndilo linalovaa utelezi wa kijani na kumwangusha mtu. Tulitafuta mawe ya ubavuni, yenye uso wa kukwaruza, tukayashusha kwa mtaimbo watu wanne, tukayachimbia kitako kitandani mwa kijito mpaka yasitikisike mtu akiyarukia, na tukayapanga kwa hatua ya mwanamke mwenye mzigo kichwani, wala si kwa hatua ya kijana. Mzee wetu alilisimamia sana jambo hilo. Alikuwa akisimama ng'ambo na kumwita binti yeyote wa kambini avuke, naye huyo akisita kidogo tu juu ya jiwe lolote, tulilitoa tukaanza upya.

Njia niliyoipenda kuliko zote ni ile izungukayo maporomoko ya Sanje, kaskazini ya Mang'ula. Mtembezi wa kawaida huimaliza kwa muda wa saa nne, hupanda kwa upande mmoja na kushuka kwa mwingine, na ndani ya saa hizo hupita katika hali za nchi nyingi. Mwanzo ni joto la bondeni, harufu ya mashamba ingali puani, na miti mirefu ya mivule na mikangazi ambayo mizizi yake mipana imesimama wima kutoka shinani hata mtu mzima aweza kujificha nyuma yake. Hondohondo hupita juu kwa kishindo cha mbawa, na mbega wekundu, aina isiyopatikana popote duniani ila katika milima hii na mabonde yake, hurukaruka matawini wakidondosha majani waliyoyauma nusu. Hapo nilizoea kuwaonya wageni juu ya siafu, na juu ya upupu unaoning'inia ukingoni mwa njia wakati wa kiangazi, ambao maganda yake ya manyoya humfanya mtu ajikune mpaka jioni. Mteremko ukizidi kuwa mkali hewa hubadilika, jasho hupoa mgongoni, na sauti ya maji ambayo awali ilikuwa upande wa kushoto huanza kusikika pande zote.

Maporomoko yenyewe huanguka kwa vituo vitatu, na jumla ya kimo chake hupita mita 170. Poromoko refu hutazamwa kutoka chini, na aliyesimama pale hulowa bila ya mvua, kwa kuwa maji yakigonga miamba huvunjika yakawa mvuke mzito unaotapakaa juu ya majani na mawe. Watu wengi hutazama juu. Mimi niliwaomba wachutame. Katika nyufa za mwamba uliolowa huota maua madogo ya urujuani, majani yake mazito yana manyoya laini, nayo ni katika ukoo wa yale yaliyochukuliwa Usambara na Baron Walter von Saint Paul-Illaire mwaka 1892, yakapelekwa Ujerumani, na leo hupandwa vyunguni madirishani duniani kote na watu ambao aghalabu hawajui kuwa asili yake ni milima yetu. Chini ya majani hayo hukaa vyura wadogo kuliko kucha ya kidole gumba.

Sikuweza kuwatazama vyura hao bila ya kukumbuka habari ya Kihansi, mto mwingine wa milima hii hii ya Udzungwa. Kulikuwako huko chura mdogo wa rangi ya manjano, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, ambaye makazi yake yote duniani yalikuwa takriban hekta mbili za majani yaliyoloweshwa na mvuke wa poromoko. Wataalamu walimwandika mwaka 1999. Mwaka 2000 maji yakageuzwa kuendesha mitambo ya umeme ya megawati 180, mvuke ukakatika, na ingawa walitengeneza mabomba ya kunyunyiza maji, mwaka 2009 ilitangazwa kuwa chura huyo hayupo tena porini, na wakati huo alikuwa amesalia katika bustani za wanyama za Marekani alikopelekwa kuhifadhiwa. Nasema haya si kwa kuukataa umeme, maana nyumbani kwangu taa inawaka. Nasema kwa sababu niliwaona watu wengi waliodhani kuwa poromoko ni maji yaangukayo tu, yasiyo na wenyeji wake.

Kutoka chini ya poromoko la Sanje njia hupanda kwa ngazi za magogo, kazi ngumu kuliko zote tulizozifanya huko, mpaka kwenye vituo vya juu penye mabwawa ya kuogelea. Maji ni ya baridi kali. Mtu akiketi juu ya mwamba, miguu majini, huliona bonde lote la Kilombero: miwa iliyotandaa kijani, mashamba ya mpunga, moshi wa kiwanda cha sukari, na ule mstari wa reli uliomleta baba yangu. Hapo niliwaacha wageni wanyamaze muda wowote walioutaka.

Katika mwitu huo huo, mwaka 1979, Katherine Homewood na Alan Rodgers walisikia mlio wa nyani wasiyemtambua, na mwenyeji aliyewaongoza akawaambia jina lake, ng'olaga. Ndipo ulimwengu wa elimu ukapata habari ya mnyama mkubwa hivyo aliyekuwa hajaandikwa kitabuni. Wageni walipenda kusikia kuwa aligunduliwa mwaka huo. Mimi kila mara niliwaeleza kwa adabu kwamba wazee wa Sanje walikuwa wakimjua kwa jina, kwa mlio na kwa tabia za kutafuta chakula chini ya miti, na kwamba hati za wataalamu zina thamani kubwa ila zilianzia kinywani mwa mtu wa kijijini.

Jambo lililonitia majonzi katika kazi yangu ni kuni. Hapo mwanzo akina mama waliruhusiwa kuingia hifadhini kwa nyakati maalumu za juma kuokota kuni kavu. Baadaye ruhusa hiyo iliondolewa. Sababu naijua, kwa kuwa niliyaona kwa macho yangu yaliyotendeka kwenye tako la mlima: miche ilikanyagwa, na magogo yaliyoanguka, yaliyo chakula cha udongo na makao ya viumbe wengi, yalichukuliwa pamoja na vijiti. Lakini niliyerudi jioni kwa mama yangu, nimevaa sare, ni mimi. "Mwanangu," aliniambia, "maji mnatulindia, Mungu awajaze heri, tutayachemshia nini?" Nilizungusha mijohoro uani kwake, nikamjengea jiko banifu la udongo, na kwa miaka mingi nikagawa miche kwa kila nyumba iliyotaka, hata hivyo mjohoro hautoi kuni siku upandwapo. Imani yangu ni kwamba miche ilipasa kutangulia na marufuku ikafuata, na nimelisema hilo katika kila mkutano niliopewa nafasi ya kusimama.

Baba aliishi akaiona njia ya Sanje imekamilika. Nilimpandisha taratibu, mkongojo mkononi, akafika kwenye bwawa la juu, akanawa uso, akaniuliza maji yale yanakwenda wapi. Nikamwambia kuwa vijito hivi vyote huishia Rufiji, pamoja na maji ya Ruaha yanayozungusha mitambo ya Kidatu, kisha baharini mkabala wa Mafia. Akacheka kwa furaha, akaanza kunihadithia kilimo cha mlau, jinsi wazee wake walivyongoja mafuriko yapungue ndipo wapande katika tope jipya lililoletwa na mto, na jinsi walivyobishana kila mwaka juu ya asili ya tope lile.

Sasa nimestaafu, ila kila masika yakipoa vijana waliorithi panga huja kuniita, nami hupanda nao kwa mwendo wa magoti yangu. Nimewashauri kwamba kipande kilicho baada ya kijito cha pili, upande wa kushukia, kihamishwe: mti mkubwa uliokuwa ukishika udongo umeanguka, maji yamepata mlango mpya, na hakuna kinga maji litakalodumu pale. Tumekwisha kuweka vigingi vya njia mpya juu kidogo, penye mwamba na mteremko mpole, na wataanza kuchimba mvua zitakapokatika.