Maswali ya Wanafunzi wa Python

Tangu tulipoanza kuwafundisha vijana kuiandikia kompyuta amri kwa lugha iitwayo Python, tumeona ya kuwa maswali yao ni yale yale kila mwaka, wala si maswali ya wajinga. Kijana akiambiwa, "Ndivyo ilivyo, shika tu," hunyamaza. Na wengine hawarudi tena darasani, wakidhani akili zao hazikuumbwa kwa kazi hii. Kwa hiyo twaona vema kueleza machache hapa, kwa ajili ya walimu wenzetu na wazazi waulizwao nyumbani.

Wengine huliogopa jina, maana kwa Kiingereza ni chatu. Lakini Guido van Rossum, Mholanzi aliyeianza lugha hii mjini Amsterdam mwezi wa Desemba 1989 na kuitoa kwa watu mwaka 1991, hakumfikiri nyoka. Alilitwaa jina katika mchezo wa kuchekesha wa Waingereza, Monty Python's Flying Circus. Tukiisha kucheka, twaendelea.

Swali lenye uchungu ni la nafasi tupu. Katika lugha nyingi nyingine, amri za kundi moja hufungwa kwa mabano, na mwandishi aweza kuipanga mistari apendavyo. Katika Python mistari iliyo chini ya sharti husogezwa ndani, kwa desturi nafasi nne, na mstari urudio nje umetoka katika sharti. Tuseme kijana ameandika, "Ikiwa mvua yanyesha:", na chini yake, ndani, "funga madirisha", kisha "anua nguo". Akisahau kuisogeza ile ya pili, nguo zitaanuliwa hata jua likiwaka. Hapo huuliza kwa hasira, "Mwalimu, kitu kisichoonekana chawezaje kuwa na nguvu hivi?"

Twamjibu ya kuwa nafasi hazionekani, bali umbo laonekana. Mtu asomaye huliamini umbo la ukurasa kabla ya kuyatazama mabano. Basi umbo likisema hivi na mabano yakisema vingine, msomaji hudanganyika, hali mashine yafuata mabano. Python imemwondoa shahidi wa pili. Van Rossum aliipata desturi hii katika lugha ya ABC, aliyoishughulikia kabla, iliyotungwa kwa ajili ya wanaoanza. Hata nukta mbili mwishoni mwa sharti zatoka huko, ili jicho lisome kwa wepesi. Sisi twaipenda sheria hii, ingawa ni kweli kwamba programu iliyonakiliwa vibaya ikapoteza nafasi zake imeharibika kabisa.

Tena huuliza, "Mbona kitu cha kwanza katika orodha hupewa nambari 0?" Hapa Kiswahili chenyewe hutusaidia. Tusemapo saa moja asubuhi, saa nzima imekwisha kupita. Saa ya kwanza ya mchana ilianza pasipo hata moja kutimia. Vivyo hivyo nambari ya mahali yaonyesha ni vitu vingapi vimetangulia, na mbele ya cha kwanza hakuna kitu. Ndiyo sababu pia kipande cha 0 hadi 3 kina vitu vitatu, na cha 3 hadi 6 hukifuata bila kukanyagana.

Waliosoma hesabu hukataa kabisa wakiona x = x + 1. Wasema ni uongo. Ingekuwa uongo kama ingekuwa habari. Lakini ni amri: chukua x, ongeza moja, uiweke tena mahali pake. Alama ya kuuliza kama vitu viwili ni sawa ni ==, maana "funga mlango" si sawa na "je, mlango umefungwa?"

Mwisho, 0.1 + 0.2 huleta 0.30000000000000004, na kijana hudhani mashine ni mbovu. La. Kompyuta huandika nambari kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kwa njia hiyo sehemu moja ya kumi haina mwisho, kama vile thuluthi kwetu ilivyo 0.333 na kuendelea. Basi hukatwa mahali. Kwa hiyo fedha za sadaka twawafundisha kuzihesabu kwa senti, kwa nambari nzima, kisha kugawanya kwa 100 wakati wa kuandika taarifa.