Kutoka Bukoba hadi Muleba: ukucha wako unataka besi ipi?

Mvua ya Bukoba haipigi hodi. Mji huu wa ukingo wa magharibi wa Ziwa Victoria hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na anayeshuka stendi mwezi wa Aprili hukimbilia kibaraza cha kwanza anachokiona. Siku hizi kibaraza hicho huenda kikawa cha saluni ya kucha: meza ndogo, taa yenye mwanga wa zambarau, na chupa zimepangwa kama dawa za famasi.

Wateja ni mwalimu, mama wa duka la vitenge, binti anayejiandaa na sendofu. Wengi hutumia nusu saa kuchagua rangi, lakini besi humwachia fundi. Ni kinyume cha mambo. Besi, lile tabaka la kwanza lisilo na rangi, ndiyo inayoshikana na ukucha. Ikiwa siyo yake, jeli huinuka pembeni kabla ya wiki kuisha, maji hujificha chini yake, na ukucha huanza kubadilika rangi ukawa wa kijani kwa sababu ya bakteria.

Tena mikono ya Kagera ina kazi zake. Ndizi hazijimenyi zenyewe, na utomvu wake unajulikana. Mmenyaji hupaka mafuta mikononi usinate, akimaliza anaosha, kisha anarudi kwenye vyombo. Msimu wa senene ukifika, vidole hivyohivyo hunyofoa mabawa na miguu ndoo nzima. Ukucha unaolowana na kukauka mara nyingi kwa siku huvimba na kusinyaa, mwisho matabaka yake huachana kama maganda ya kitunguu.

Kabla ya kukaa kwenye kiti, osha mikono, ikaushe vizuri, kisha bonyeza ncha ya ukucha kwa kidole gumba. Ukipinda kwa urahisi, ni mwembamba au laini. Huo unataka besi ya raba, ile nzito kidogo inayonyumbulika pamoja na ukucha. Besi ngumu juu yake hupasuka. Lakini ipakwe kwa tabaka jembamba, mara mbili ikibidi. Jeli hutoa joto inapoganda chini ya taa, na tabaka nene juu ya ukucha mwembamba huunguza kweli. Ukisikia moto, toa mkono. Usijikaze eti urembo una gharama.

Ukucha mgumu usiopinda hauhitaji raba, besi nyepesi inatosha. Mkavu unaokatika ghafla unafaidika na raba, pamoja na mafuta ya nazi kuzunguka ngozi kila usiku. Wenye mafuta usafishwe kwa dawa ya kukausha kabla ya besi. Wenye mitaro, raba huijaza. Fundi anayetaka kuisawazisha kwa kuisaga na tupa anakupunguzia ukucha.

Barabara ya kusini hupita Kemondo, penye bandari, kisha Muhutwe, ambako njia moja hupanda kwenda Kamachumu katikati ya migomba na kahawa. Ukifika Muleba unaweza kumkuta fundi asiye na saluni kabisa: begi, taa ndogo ya kuchomeka kwenye simu, chupa chache, naye anakufuata nyumbani. Ni raha kwa mama mwenye mtoto mchanga. Shida huanza pale chupa inapokuwa haina maandishi.

Jeli mbichi ina kemikali za jamii ya akrileti. Mojawapo, HEMA, Umoja wa Ulaya uliiwekea masharti tangu 2021 itumiwe na mafundi waliobobea tu. Nyingine, TPO, ukaipiga marufuku kwenye vipodozi Septemba 2025. Jeli ikigusa ngozi, au ikibaki mbichi kwa sababu taa ni dhaifu, mwili unaweza kuanza kuikataa: vidole huwasha na kupasuka, hata kope huvimba kwa kuguswa na mkono. Mzio huo kwa kawaida haupoi maisha yote. Na kemikali za jamii hiyo zimo pia kwenye vifaa vya kuziba meno, kwa hiyo aliyeupata kwa rangi ya kucha anaweza kusumbuka kwa daktari wa meno miaka mingi baadaye. Soma chupa, uliza kama taa inaendana na jeli hiyo, na besi ikigusa ngozi ifutwe kabla mkono haujaingia kwenye taa. Muwasho ukianza, hapo ndipo mwisho wa jeli, nenda hospitali.

Mjamzito anayekaribia kujifungua aitoe mapema. Wahudumu hutazama kucha kujua hali ya damu, na kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kinaweza kudanganywa na rangi.

Kuitoa ni pamba yenye asetoni, kama dakika 10 hadi 15, kisha kusukuma taratibu kwa kijiti. Mabinti wengi huibandua kwa meno wakiwa wanaangalia tamthilia, na kila kipande huondoka na tabaka la ukucha. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi. Aliyebandua mwezi Juni ataupata mzima karibu na Krismasi, mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanapokuwa yameanza kujaa wanaorudi nyumbani.